Mpaka punje ichanue: shajara ya mahindi ya chokaa na nyama ya ng'ombe

Jumamosi, 6 Septemba

Jioni jirani yetu wa mlango wa pili amegonga, mkononi bakuli limefunikwa kitambaa. Ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Hermosillo, jimbo la Sonora, Mexico, ng'ambo ya mpaka. Mtaa mzima hapa Tucson, Arizona, Marekani, tunamwita Doña, nami nimezoea hivyo hivyo. "Gallina pinta," akasema, akanikabidhi, akarudi kwake mbio maana aliacha sufuria jikoni.

Jina hilo maana yake kuku wa madoadoa, ila kuku hamna. Mna nyama ya ng'ombe na mfupa wake, maharage, na mahindi meupe ambayo punje moja ni kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Madoadoa ndiyo hayo maharage katikati ya mahindi.

Nimekula bila kusema neno. Mimi ni mtoto wa Same, nimekuzwa kwa makande. Nina rafiki wa Kenya ambao wakianza kunieleza githeri, muthokoi au pure tunaelewana kabla hawajafika katikati. Bakuli la Doña lilikuwa la ukoo huo huo: mahindi, maharage, nyama, chungu kimoja. Kasoro ganda. Mahindi haya hayakuwa na ganda hata chembe. Kila punje imefunguka kichwani kama ua la pamba, laini mpaka ndani, na bado nzima. Tena yalikuwa na harufu ambayo sijawahi kuikuta kwenye makande, kama ukuta uliopakwa chokaa ukinyeshewa na mvua ya kwanza.

Kwetu ganda tunalitoa kwa kinu. Unanyunyizia mahindi maji kidogo, unatwanga, unapepeta, pumba zinaruka. Ukimaliza, punje nyingi zimekatika, na kile kiini chenye mafuta kimeondoka na pumba, na kuku ndio waliokula. Za Doña zilikuwa na kiini chake. Mtu amezivua ganda punje mia kadhaa bila kuzipiga mchi hata mara moja. Nataka kujua alifanyaje, na nataka kuipika sufuria hiyo mwenyewe kuanzia mahindi makavu. Nitaandika kila jaribio humu, lililofaulu na lililoharibika.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeanza na njia ya mkato: mahindi ya kopo, maana madukani hapa yamejaa, mpaka makopo ya kilo tatu. Nimechukua nyama ya muundi kilo moja, imekatwa vipande vya mviringo, uboho katikati. Kitunguu maji, vitunguu saumu, jani la bei (bay leaf). Imechemka muda wa saa mbili na nusu, kisha mahindi yakaingia dakika 30 za mwisho, yameshamwagwa maji yake na kuoshwa.

Kililika, watoto waliongeza. Lakini nyama ilikuwa peke yake, mahindi peke yake, na mchuzi mwepesi haujui kama mna mahindi ndani. Punje za kopo zimeshaiva kiwandani, na wanga uliokuwa uingie kwenye supu yangu ulibaki kwenye yale maji niliyoyamwaga. Siku ya kazi, umechelewa kurudi na watoto wana njaa, kopo linafaa sana. Kwa kazi hii halitoshi.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama yangu, mahindi yakiwa makaidi, hutia magadi kidogo kwenye makande. Hapa magadi sina, nikachukua soda ya kuokea. Mahindi meupe makavu ya kawaida, kilo moja, yamelala majini usiku kucha. Asubuhi nikatia vijiko viwili vya chai vya soda na kuyaweka motoni.

Baada ya saa moja nikatoa punje nikaibonyeza. Ganda limelegea, lakini halitoki. Limeng'ang'ania upande mmoja kama karatasi iliyolowa. Nikaongeza soda. Baada ya saa nyingine punje za juu zimekuwa uji, za chini bado zina ganda, na maji yana utelezi wa omo. Nimeosha maji sita. Ladha ya sabuni imebaki.

Nimeyamwaga yote. Kumwaga kilo nzima ya mahindi ni jambo zito kwa mtu aliyekulia nyumba ambayo punje ikidondoka huokotwa.

Jumatatu, 15 Septemba

Usiku huu Wamexico wanakumbuka kilio cha padre Miguel Hidalgo pale Dolores, alfajiri ya 16 Septemba 1810, kilichoanzisha vita vya uhuru. Kwa Doña wamejaa wajukuu, na sufuria iko uani juu ya kuni za mesquite. Leo amepika pozole, supu ya mahindi haya haya yaliyovuliwa ganda, na nyama.

Neno lenyewe ni la Kinahuatl, pozolli, nalo lina maana ya kitu chenye povu, kwa jinsi punje zinavyopasuka na kufanya povu jeupe juu ya sufuria. Kuna pozole nyeupe. Kuna ya kijani inayosifika Guerrero, ambako Alhamisi ndiyo siku yake. Kuna nyekundu ya Jalisco. Sehemu nyingi hutumia nguruwe. Doña hutumia ng'ombe, na nilipomuuliza akanyoosha kidole kusini: Sonora ni nchi ya ng'ombe. Wamisionari Wajesuiti ndio waliowasambaza kule. Padre Eusebio Kino alifika mwaka 1687, akawa anaanzisha misheni na kuziachia mifugo, na mojawapo ni ile San Xavier del Bac iliyo kusini mwa mji huu, ya mwaka 1692. Mahindi yalikuwepo karne nyingi kabla yake. Kwa hiyo sufuria niliyoichungulia leo ni mahindi ya wenyeji yaliyokutana na ng'ombe wa wageni, na kwa sisi watu wa makande hadithi hiyo si ngeni hata kidogo: mahindi na maharage tuliyapokea kutoka huko huko Amerika, tukayafanya yetu.

Nimemweleza habari ya soda. Akanishika mkono akanipeleka jikoni, akafungua kabati, akanitolea kipakiti cha unga mweupe kilichoandikwa cal.

Alhamisi, 18 Septemba

Cal ni chokaa. Chokaa iliyozimwa, ile kalsiamu hidroksaidi, lakini iliyosafishwa kwa chakula. Mahindi yaliyopikwa nayo huitwa nixtamal, jina lililoundwa na nextli, majivu, na tamalli, donge la mahindi. Majivu na chokaa ni kazi moja: yote hufanya maji yawe makali kiasi cha kula ganda la punje.

Nimempigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Watoto?"

Nikamwambia watoto wazima, nikamweleza mahindi. Akanyamaza kidogo.

"Chokaa? Hii ya kupaka ukuta?"

"Siyo hiyo, mama. Ya ukuta ina uchafu wake, mtu asile. Hii imesafishwa, ni ya chakula."

"Na wajukuu zangu wanakula?"

"Wameshakula kwa jirani, mama."

Akafikiri. Mama aliishi Tanga akiwa msichana, na najua ndiko alikokwenda kimawazo, maana aliporudi alisema: "Kumbe kama ile ya tambuu."

Ndiyo hiyo hiyo. Jani la mtambuu hupakwa chokaa kabla ya kutiwa popoo, na watu wa pwani wameijua kinywani mwao kwa vizazi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaunganisha mambo hayo mawili mpaka aliposema yeye.

Leo nimenunua chokaa nusu kilo, na mahindi yenyewe hasa: cacahuazintle, aina ya mahindi meupe, mapana, ya unga laini, yanayolimwa kwenye nyanda za juu za katikati ya Mexico, kama bonde la Toluca. Punje hizi zina wanga mlaini mwingi, ndiyo maana huchanua. Mahindi yetu ya ugali yana sehemu kubwa iliyo ngumu kama kioo. Yataiva, lakini ua halitoki.

Jumamosi, 20 Septemba

Kosa kubwa, naliandika ili mwingine asilirudie. Nilitumia sufuria yangu ya alumini, niliyokuja nayo kutoka nyumbani, ile isiyo na mkono. Chokaa ikaingia, maji yakaanza kutoa vipovu hata kabla ya kupata moto. Nikadhani ni dalili njema. Baada ya dakika kumi maji yamegeuka kijivu, na ukuta wa sufuria umekuwa mweusi.

Chokaa inaila alumini. Mahindi nimeyatupa, siwezi kumlisha mtu maji yale. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli isiyobanduka. Sufuria nimeisugua kwa ndimu, imerudi nusu. Ni ya mama, aliniwekea kwenye sanduku mwenyewe, nami nimeitazama jioni nzima.

Jumapili, 21 Septemba

Leo yamekubali.

Nilipima kwa mizani: mahindi makavu gramu 500, chokaa gramu 5, maji lita 2. Kanuni ya Doña ni gramu 10 kwa kila kilo, yaani asilimia moja. Chokaa nimeikoroga kwanza kwenye maji ya baridi, nikiwa nimefumba mdomo maana vumbi lake linawasha koo na macho, kisha nikatia mahindi. Moto wa wastani mpaka yachemke, halafu mdogo kabisa, dakika 25. Ndani ya dakika tano punje zilikuwa zimegeuka manjano kama yai. Nikashtuka, nikamwita Doña kupitia dirishani, akasema ndivyo. Rangi itaondoka na ganda. Nikazima, nikafunika, nikaacha mpaka jioni.

Sasa hapa nataka niandike polepole. Nilichota punje kiganjani, nikaweka chini ya maji ya bomba, nikasugua kiganja kwa kiganja, kwa namna tunavyofikicha njugu mawe. Ganda likatoka. Halikubanduka kama ngozi, liliyeyuka likawa utelezi wa manjano, likapita katikati ya vidole likaenda na maji, na chini yake punje nyeupe pe, baridi, laini kama lulu. Nikachota tena. Dakika 20 nimefikicha zote, na hakuna iliyokatika. Kiini kipo mahali pake; ukiiangalia punje kwenye mwanga unakiona kivuli chake kidogo.

Kumbe hatukumaliza. Doña alikuja, akavuta kiti, akachukua punje moja na kisu kidogo. Kitakoni mwa punje, pale iliposhika gunzi, pana kikofia kigumu cheusi. Akakitoa kwa ncha ya kisu, ti, akaiweka punje pembeni. Kikofia kikibaki, punje huiva imebana. Kikiondoka, maji huingia kwa chini na punje hufunguka. Tukakaa mezani sisi watatu, yeye, mimi na binti yangu wa miaka tisa, tukatoa vikofia gramu 500 nzima kwa muda wa saa moja na robo. Wengi siku hizi hawajisumbui na hatua hii. Mimi nitaendelea nayo, maana nimeona tofauti, na kwa sababu katika saa hiyo binti yangu alijifunza kuhesabu kwa Kihispania mpaka hamsini.

Kuna jambo lingine lililonikaa moyoni. Nilisomea lishe, na pelagra niliijibia mtihani: ugonjwa wa kukosa niasini, ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Daktari Gaspar Casal aliuona kwa maskini wa Asturias, Hispania, mwaka 1735. Baadaye ukawaangusha wakulima wa kaskazini mwa Italia walioishi kwa uji mzito wa mahindi, kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa kusini mwa Marekani. Wengi walisema ni kijidudu. Daktari Joseph Goldberger akaonyesha, kuanzia mwaka 1914, kuwa ni chakula, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaitambua niasini kuwa ndiyo tiba. Niasini imo ndani ya mahindi tangu mwanzo, ila imefungwa mwili usiweze kuichukua. Chokaa huifungua. Wazungu walipochukua mbegu Mexico hawakuchukua chokaa. Na jambo hili halikuishia mbali na kwetu: mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra, kwa mgao wa mahindi usio na njugu wala kitoweo cha kutosha.

Kwa hiyo makande ya mama, yenye maharage na siku nyingine nyama, yalikuwa yanatukinga kwa njia yake. Hayo yote niliyajua kwenye karatasi. Leo yamepita kwenye viganja vyangu.

Punje nimezigawa mifuko miwili, zimeingia kwenye friza.

Jumamosi, 27 Septemba

Nilitaka gallina pinta kamili, nikatia kila kitu pamoja: mkia wa ng'ombe, mahindi yangu ya chokaa, na maharage yaliyolala majini usiku. Baada ya saa tatu nyama inaachia mfupa, mahindi yanaanza kufunguka, na maharage magumu vile vile. Saa nne, bado yana kiini kigumu katikati.

Nimelitafuta kosa nikalipata kwenye kuosha. Safari hii nilichota mfuko wa pili, ambao niliusuuza mara mbili tu kwa sababu usiku ulikuwa umeingia. Chokaa iliyobaki imeingia kwenye supu, na kalsiamu ndiyo inayokaza ganda la maharage. Ndiyo hiyo hiyo inayoifanya punje ya hindi isigeuke uji kama ilivyogeuka kwenye soda. Kinachomlinda huyu kinamkaza yule. Na maji ya Tucson yenyewe ni magumu, ukichemsha tu birika linafanya ukoko mweupe.

Doña huosha mpaka maji yatoke angavu, kisha hubadilisha maji baada ya mchemko wa kwanza. Na maharage huyapika chungu chake, anayaunganisha mwishoni. Sikumwuliza mapema, kwa hiyo hakuniambia.

Mahindi tumekula, maharage nimeyatoa moja moja.

Jumatano, 1 Oktoba

Usiku wa pilipili. Sonora hutumia chile colorado, pilipili ndefu nyekundu iliyokaushwa, isiyo kali sana, yenye utamu wa mbali. Nimechukua sita, na ancho mbili, ambayo ni poblano iliyokaushwa, nyeusi, inanukia kama zabibu kavu. Unazipasua, unakung'uta mbegu, unazipitisha kwenye kikaango kikavu chenye moto. Zinalainika, rangi inawaka, harufu inajaa chumba. Hapo hapo zitoe. Mkupuo wa kwanza niligeuka kumjibu mtoto, sekunde chache, zikapata madoa meusi. Uchungu wa pilipili iliyoungua hauondoki kwa sukari wala kwa kitu kingine. Nimetupa, nimeanza upya.

Zikilowa kwenye maji ya moto dakika 20, saga na vitunguu saumu vinne na kipande cha kitunguu, chuja kwa chujio la matundu madogo maana ngozi zake hukwaruza koo, kisha kaanga kwenye mafuta kidogo mpaka rangi ikolee na mafuta yajitenge pembeni, kama unavyojua masala yameiva. Nimegandisha kikombe kimoja na nusu.

Oregano inayotakiwa ni ya Mexico, Lippia graveolens. Siyo ile ya Waitaliano; ni mimea ya koo mbili tofauti, na hii inakaribia ndimu kwa harufu. Usibadilishe kama unaweza kuipata.

Jumamosi, 4 Oktoba

Saa kumi na mbili asubuhi nimewasha jiko. Jana jioni mimi na binti yangu tumefikicha gramu 500 nyingine, tumeosha maji saba mpaka yakawa angavu, tumetoa vikofia.

Mahindi yalitangulia, peke yake, kwenye lita 4 za maji na kichwa kizima cha kitunguu saumu, bila chumvi. Doña ana msimamo hapo: chumvi isiguse mahindi kabla hayajachanua. Yalipochemka nikayamwaga maji ya kwanza, nikaweka mengine ya moto.

Kwenye sufuria ya pili nyama: muundi kilo moja na nusu na mkia kilo moja. Maji baridi, moto polepole, na nusu saa ya kwanza sikuondoka jikoni, nakusanya povu la kijivu kwa upawa mpaka mchuzi ukasafika. Kitunguu, majani mawili ya bei. Moto ukawa wa kuonekana tu, kipovu kimoja kimoja. Ukiharakisha muundi, nyuzi zinakauka huku mishipa bado migumu. Ukiupa muda, ile mishipa inayeyuka kuwa jelatini, na midomo hushikana ukinywa supu. Maharage gramu 250 chungu cha tatu.

Saa tatu na nusu nikafunua mahindi. Punje tatu nne zimepasuka kichwani. Nikafunika. Saa nne na robo nimefunua tena, na juu ya maji kuna povu jeupe zito, lile ambalo jina linalisema, na punje karibu zote zimechanua: petali nne zimekunjuka nje, nyeupe na zenye vumbivumbi, moyo umebaki katikati. Niliita watu wote waliokuwa ndani ya nyumba waje kuona. Mume wangu alikuja na mswaki mdomoni.

Hapo ndipo vikakutana. Mahindi na maji yake yote yakaenda kwenye nyama, kwa kuwa wanga wa yale maji ndio uzito wa supu. Mifupa nikaitoa, uboho nikaukung'utia ndani. Rojo la pilipili, chumvi, oregano nimeifikicha juu. Dakika 40. Maharage yaliyoiva dakika 20 za mwisho. Kwa haki, gallina pinta nyingi za Sonora ni nyeupe, hazina pilipili ndani; Doña anapika zote mbili, na nyekundu ndiyo niliyoipenda.

Mezani kila mtu anajiwekea: kabichi iliyokatwa nyembamba, figili, kitunguu kibichi, ndimu, na chiltepín. Hii ni pilipili mwitu, mviringo, ndogo kama punje ya pilipili manga, inachumwa kwa mkono kwenye vilima vya Sonora na ndege ndio wanaoipanda. Ukali wake ni wa pilipili kichaa, unapiga na kuondoka. Unaiponda kwa vidole juu ya bakuli, kisha usijiguse jicho.

Doña alikuja saa saba mchana na tortila za ngano, mikate yao bapa kama chapati. Alichota kwanza mahindi tu, akaiweka punje moja kwenye kiganja, akaigeuza kwa kidole, akatazama kitako. Akala. "Ya floreó," akasema, imeshachanua, akakamua ndimu. Maharage aliyaona yameiva kupita kidogo, na ni kweli.

Jumapili, 5 Oktoba

Supu imeganda kwenye friji, imekaza kama jeli, unaikata kwa kijiko. Ikipashwa leo ni tamu kuliko jana. Pilipili imetulia na mahindi yamekunywa mchuzi. Safari ijayo maharage yatoke motoni robo saa mapema, na mkia utoshe nusu kilo.

Nimempelekea mama picha, bakuli kwa karibu. Amekaa nayo muda, kisha akapiga mwenyewe.

"Mwanangu, punje haijakatika."

"Haijakatika, mama."

"Na kiini naona kimo."

"Kimo."

Nikasikia akimwambia mtu aliye naye pale, kwa Kipare, maneno ambayo sikuyashika vizuri, na yule mtu akauliza kitu. Akarudi kwenye simu. "Ukija Desemba niletee hiyo chokaa. Robo tu, tujaribu na haya mahindi yetu."

Nimepima gramu 250, nimefunga mfuko mara mbili, nimeandika kwa kalamu nene: CHOKAA YA CHAKULA. Imekaa juu ya sanduku, pamoja na sufuria mpya ya chuma kisichoshika kutu.